Dhahabu ya Vitabu na Dhahabu ya Mashimo: Mfano wa Nyanza Kusini

Katika mwaka wa 1913 yalitokea mambo mawili kando ya Ziwa Viktoria ambayo waandishi wa historia huyatia katika sura mbalimbali, kana kwamba hayakujuana. Huko Gendia, karibu na Kendu Bay, Mkanada Arthur Asa Grandville Carscallen, aliyekuwa ameanzisha misheni ya Waadventista wa Sabato mahali hapo tangu 1906, alisimamisha mtambo mdogo wa kupigia chapa. Mwaka uo huo Onyango Dunde, mtu wa Alego ng'ambo ya ghuba, alitangaza kwamba amemezwa na Mumbo, nyoka mkubwa wa ziwani, kisha akatapikwa akiwa hai na kukabidhiwa ujumbe wa kuwapelekea watu. Ujumbe wa Mumbo ulivuka maji, ukashika mizizi kusini kwa Waluo na kwa Wagusii, na serikali ya kikoloni ikawahamisha baadhi ya viongozi wake.

Jambo linalotuhusu hapa ni ahadi. Mumbo aliwaahidi wafuasi wake ng'ombe, kondoo na mbuzi wasiohesabika, ambao wangepanda kutoka ziwani. Biblia iliyohubiriwa Gendia iliwaahidi waumini mji ambao njia yake ni dhahabu safi. Funuo mbili ziliwafikia watu wale wale, kwa wakati ule ule, na kila moja ilikuwa na kipimo chake cha utajiri. Yafaa tujiulize dhahabu iliingiaje katika vitabu na masimulizi ya watu wa pande hizi, na ilikutana na nini ilipotoka vitabuni ikaonekana katika udongo wao wenyewe. Maana jimbo hilo, lililoitwa Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini, na ambalo tangu 2013 tunalijua kwa majina ya Kaunti ya Migori na Kaunti ya Homa Bay, lina dhahabu chini yake. Sitashughulika na dhahabu ya Lolgorien wala ya Siaya, ila pale inapobidi.

Tuanze na neno. Dhahabu ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili zamani, na kutoka Kiswahili likasafiri bara pamoja na wachuuzi na wahubiri. Waganda husema zaabu, Wakikuyu thahabu, na Kiluo kimelichukua likiwa dhahabu vile vile. Hapo pana jambo dogo la kifonetiki ambalo si la kupuuzwa. Herufi dh katika maandishi ya Kiluo huwakilisha sauti ya kipasuo, ulimi ukigusa meno na pumzi ikizuiwa kabisa. Katika Kiswahili huwakilisha sauti ya kukwamiza. Kwa hiyo neno hilo huandikwa sawasawa katika lugha zote mbili, na hutamkwa mbalimbali. Mtu anayelisoma katika Biblia ya Kiluo ya mwaka 1953 na anayelisoma katika Biblia ya Kiswahili ya 1952 wanatazama herufi zile zile, na kila mmoja analisema kwa kinywa cha kwao. Utajiri wenyewe, kwa Mluo, una jina la asili, mwandu, na kwa desturi ya zamani kiini cha mwandu kilikuwa zizini.

Pwani ilikuwa na historia nyingine. Kitabu cha kale kilichoieleza pwani yetu kwa urefu kina dhahabu katika jina lake: ni Muruj al-Dhahab wa Maadin al-Jawhar cha Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956 na ambaye alirudi Oman kutoka kisiwa cha Kanbalu yapata mwaka 916. Watu wamezoea kulitafsiri jina hilo kuwa mabustani ya dhahabu na machimbo ya vito, na katika maadin twaliona neno letu madini. Lakini wapo wataalamu wa Kiarabu waliosema kwamba muruj hapo hazina maana ya mabustani hata kidogo; zina maana ya mahali pa kuoshea dhahabu. Ikiwa wana haki, jina la kitabu hicho linafanana sana na kazi inayofanywa leo kando ya Mto Migori. Al-Masudi aliandika pia kwamba Sofala ina dhahabu tele, kisha akaongeza kwamba Wazanji hujipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Aliyaweka maneno hayo kama ajabu moja miongoni mwa ajabu nyingi za safari. Mimi nayasoma kama ushahidi wa mapema kwamba kuwa na dhahabu katika nchi na kuipa dhahabu cheo ni mambo mawili.

Kuhusu Sofala tuna kisa kilichohifadhiwa na Mreno João de Barros katika kitabu alichokitoa mwaka 1552, kwa kufuata habari za Kilwa. Mvuvi mmoja wa Kilwa alinasa kwa ndoana yake samaki mkubwa mno, naye hakutaka kumwachilia. Samaki na mkondo wa bahari vikamchukua hadi Sofala, na huko akakuta chombo cha Mogadishu kikinunua dhahabu. Aliporudi akatoa habari kwa mfalme wake, na biashara ya dhahabu ikaja mikononi mwa Kilwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisikia habari za vumbi la dhahabu linaloletwa Sofala kutoka bara.

Sasa tumweke mvuvi huyo kando ya mvuvi wa Gwassi. Katika ufuko wa Nyandiwa, Homa Bay, watu husimulia habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, maskini aliyetega samaki akapata mwanamke mkongwe wa kuchukiza macho. Mwanamke akamsihi ampeleke nyumbani. Nyamgondho akakubali, na kutoka siku ile zizi lake likajaa, ng'ombe wakazidi ng'ombe. Kisha utajiri ukamlevya, na pombe nayo ikamlevya, akamtukana yule mwanamke. Mwanamke akainuka akarudi ziwani, na mifugo yote ikamfuata ikazama, naye Nyamgondho akabaki amesimama juu ya fimbo yake mpaka akageuka mti. Wavuvi wote wawili walivutwa na kitu kilichokuwa ndani ya maji, na wote walitajirika. Wa Kilwa alifikishwa kwenye dhahabu, na habari zake zikawa historia ya wafalme na ushuru. Wa Gwassi alipewa ng'ombe, na habari zake zikawa za adabu ya nyumbani. Katika kisa cha pili utajiri una miguu. Humjua aliyeuleta, na akitukanwa huondoka naye. Dhahabu haiwezi kufanya hivyo.

Msomaji wa Kurani atamkumbuka Karuni katika Sura ya Kasas, ambaye funguo za hazina zake peke yake zililemea kundi la watu wenye nguvu, na ardhi ikamdidimiza yeye na nyumba yake. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo wenyeji husema lilikuwa kijiji kilichozama usiku mmoja. Grace Ogot alikitolea kisa hicho kitabu kwa Kiluo mwaka 1983. Adhabu ni ya namna moja, mahali kumezwa na kilichokuwa chini yake. Kosa si moja. Karuni alijivunia hazina akadai kwamba ameipata kwa elimu yake. Watu wa Simbi walimfukuza ajuza mgeni, na hazina haitajwi.

Narudi kwenye Biblia, maana ndiyo iliyoileta dhahabu bara kama picha ya moyoni kabla haijawa bidhaa. Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, na sura tatu za kwanza zikachapishwa Marekani mwaka 1847. Ni nadra kukumbukwa kwamba katika sura hizo tatu, katika maelezo ya mto utokao Edeni, imetajwa nchi ya Havila na uzuri wa dhahabu yake. Dhahabu, basi, ilikuwamo katika kipande cha kwanza kabisa cha Biblia kilichopigwa chapa kwa Kiswahili. Hapo haijavaliwa na mtu wala haijaabudiwa. Imelala ardhini tu, kabla ya dhambi.

Baadaye Biblia huikuza mno. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinahesabu talanta 666 za dhahabu zilizomfikia Sulemani katika mwaka mmoja, na merikebu zake zikaleta nyingine kutoka Ofiri. Jina hilo la Ofiri lilitusumbua sisi wa Afrika kwa karne nyingi, kwa kuwa wasomaji wa Ulaya walikuwa na hakika kwamba Ofiri iko kwetu. John Milton, katika utenzi wake mkuu wa 1667, anapotaja Mombasa, Kilwa na Malindi, hakosi kusema kwamba Sofala hudhaniwa kuwa Ofiri. Carl Mauch alipoyaona magofu ya Zimbabwe mwaka 1871 aliyaunganisha na Sulemani na Malkia wa Sheba, asikubali kwamba Waafrika waliyajenga. Kisha Rider Haggard akatoa riwaya yake ya 1885, na mwaka 1929 Frederick Johnson akaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kusoma hadithi ndefu kwa kitabu hicho. Mfasiri alilichagua neno zuri. Mashimo ni neno la kawaida, lisilo na fahari, na wachimbaji wa Nyatike nao huziita sehemu zao za kazi mashimo. Lakini mashimo ya riwaya ni ya mfalme wa Kiyahudi, hazina yake imekwisha kukusanywa, na wageni huja kuichota. Aliyechimba hana jina.

Miaka miwili baada ya tafsiri hiyo, mwaka 1931, dhahabu ilionekana Kakamega, na Wazungu wakamiminika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi za hifadhi zao ni zao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa haja ya umma kitafidiwa kwa ardhi nyingine baada ya baraza la wenyeji kuulizwa. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili machimbo yaondolewe masharti hayo. Neno daima lilidumu miaka miwili. Arkidiakoni Walter Owen alilalamika, na Uingereza kwenyewe kukawa na kelele, lakini marekebisho hayakufutwa kwa kelele. Sheria ile ilizihusu hifadhi zote, wala si Kakamega tu, na watafutaji madini walikwisha kugeukia kusini. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilikuwa ikichimbwa katika ukanda wa Migori, pamoja na Macalder na Kitere. Mwaka 1946 R. M. Shackleton alitoa taarifa ya kijiolojia juu ya ukanda huo, na hicho nacho ni kitabu cha dhahabu, ingawa hakuna atakayekihubiri. Macalder iligeuzwa kuwa mgodi wa shaba kuanzia 1951, ikafungwa 1966. Baada ya kampuni kuondoka wenyeji waliendelea kuchimba kwa sururu, nyundo na karai.

Hapa ndipo picha ya vitabuni inapokutana na kazi, na ndipo penye uzito wa makala haya. Katika maandiko matakatifu dhahabu huambatana na moto. Waraka wa Kwanza wa Petro huilinganisha imani na dhahabu inayojaribiwa kwa moto, na Ufunuo huwashauri watu wa Laodikia wanunue dhahabu ya namna hiyo. Katika Kurani, Sura ya Radi, twapewa mfano wa povu linalotoka katika kile wanachokiyeyusha watu ili wapate mapambo au vyombo; povu hupita, na lenye manufaa hubaki katika ardhi. Sura ya Toba ina moto mwingine: dhahabu na fedha zilizofichwa zitapashwa moto wa Jahanamu, wenye kuzilimbikiza wachomwe kwazo mapaji ya nyuso, mbavu na migongo. (Mwanamume Mwislamu, tuseme kwa kupita, amekatazwa kuvaa dhahabu duniani, na katika Sura ya Kahf ameahidiwa vikuku vyake peponi.)

Mfano wa kusafisha kwa moto ulisimama juu ya ufundi halisi. Msafishaji wa kale aliyeyusha madini pamoja na risasi katika kikombe chenye vinyweleo. Risasi ilishikana na takataka, sehemu kubwa ikanywewa na kikombe, na dhahabu ikasalia juu. Ubaya ulibaki chomboni, uzuri ukatolewa. Kwa mhubiri, mfano huo hauna kasoro.

Katika mashimo ya Migori moto unafanya kazi nyingine. Mwamba hupondwa, kazi ambayo mara nyingi huwa mikononi mwa wanawake, kisha husagwa ukawa unga, ukaoshwa kwa maji. Katika karai hutiwa zebaki, ambayo hushikana na chembe za dhahabu na kuziacha chembe za jiwe. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, likabaki donge dogo la rangi ya fedha, na donge hilo huwekwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357. Dhahabu haiyeyuki mpaka ifikie nyuzi 1064. Moto wa makaa, basi, hauisafishi dhahabu kama ulivyoisafisha kikombeni. Unaifukuza zebaki tu, nayo haibaki chomboni: hupanda hewani, huingia mapafuni mwa anayepuliza na mwa mtoto aliye karibu, na nyingine hutua mchangani na majini. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulitungwa kwa ajili ya hatari za namna hii, na Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 imemtambua mchimbaji mdogo. Hata hivyo mhubiri anaposema mbele ya wasikilizaji wa Nyatike kwamba mateso ni moto wa kusafishia dhahabu, wapo kati yao walioushika moto huo kwa mikono yao jana. Wanajua kwamba uchafu hutoka ndani ya dhahabu ukaingia ndani ya mtu. Mfano haujawa wa uongo, lakini umebadilika mikononi mwao, wala sijaona maelezo ya Biblia yanayolijali jambo hilo.

Andiko lililo karibu zaidi na hali yao ni lile la Kutoka sura ya 32, ingawa kwa desturi husomwa kwa sababu ya sanamu. Musa aliposhuka mlimani akaikuta ndama ya dhahabu, aliichoma moto, akaisaga hata ikawa unga, akaunyunyiza juu ya maji, akawanywesha wana wa Israeli. Wafafanuzi wamejadiliana sana juu ya shabaha ya kunywesha huko. Mtu wa kando ya Mto Migori angeweza kuwaambia kwamba mambo hayo manne anayajua: moto, kusaga, maji, kinywa. Mto Migori huingia Kuja, Kuja huingia ziwani, na zebaki ikifika majini viumbe vidogo huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Ziwa hilo ndilo lililomtoa mwanamke wa Nyamgondho.

Lipo pia andiko moja linalomtazama mchimbaji mwenyewe. Ni Ayubu sura ya 28. Mshairi wa kale anaeleza watu wanaolikomesha giza, wanaotoboa shimo mbali na makazi, wanaoning'inia na kuyumba mahali ambapo unyayo wa mtu umesahauliwa. Wanaipindua milima kutoka misingi yake, wanaziba vijito visivuje. Ndipo anauliza hekima hupatikana wapi, akajibu kwamba hainunuliwi kwa dhahabu. Wahubiri hukimbilia swali hilo na jibu lake, wakaziruka aya kumi na moja za mwanzo. Kwa mfasiri aya hizo ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa zinataka msamiati wa watu waliofanya kazi ile, na lugha ya mimbari haina msamiati huo. Ina kiti cha enzi, taji, kinara, ndama. Haina kamba inayomteremsha mtu shimoni, wala gogo linalozuia ukuta usiporomoke.

Msamiati huo upo, lakini uko vinywani. Miamba ya Migori ni ya umri mmoja na ya Tarime na Geita, na wachimbaji huvuka mpaka kama miamba inavyovuka. Katika machimbo ya Tanzania shimo la kuteremkia huitwa duara, na magogo ya kuzuia kuta huitwa matimba. Mahali pa kuoshea ni mwalo, neno lile lile la wavuvi kwa mahali pa kupakulia samaki. Anayetaka kuitafsiri upya Ayubu 28, kwa Kiswahili au kwa Kiluo, angeanza huko kabla ya kufungua kamusi ya Kiebrania.

Neno moja zaidi. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao bado una mabaki ya dhahabu, wachimbaji wa Tanzania huuita marudio. Vitabu vitakatifu havina jina la kitu hicho. Ndani yavyo dhahabu ikishatoka mwambani mwamba hausemwi tena. Huko Macalder kampuni ilipofunga mwaka 1966 iliacha marundo ya mchanga wa namna hiyo, na watu wameyachimba na kuyaosha tena.